Uso wa Kiangazi

Jumatatu, 1 Novemba 1971

Mvua bado. Upepo unapanda kutoka Ruvuma mkavu kama wa tanuri, unatujazia vumbi mpaka ndani ya madaftari. Darasani hakuna mdomo ambao haujapasuka. Veridiana, ninayekaa naye dawati moja, akitaka kucheka anaibana midomo kwa vidole isichanike zaidi.

Lakini habari kubwa! Mwalimu Lois wa sayansikimu ametangaza kwamba mwezi ujao shule zitapeleka kazi za mikono Masasi, kwenye maonyesho ya miaka kumi ya Uhuru. Shule yetu itapewa meza moja. Na msichana mmoja wa darasa la sita atasimama nyuma ya meza hiyo awaeleze wageni. Sharti: kitu kiwe chetu wenyewe, kisitoke dukani.

Wote wakapiga kelele, mikeka! Vikapu! Bibiana akasema atadarizi kitambaa cha meza. Mwalimu akamuuliza, na uzi wake unachumwa mti gani? Tulicheka sana. Maskini Veridiana, mdomo ukatoka damu.

Mimi nilinyamaza. Nina jambo langu. Naitaka meza ile. Nimeshaandika kwa wino, siwezi tena kujifanya sikuitaka.

Jumatano, 3 Novemba 1971

Nimemwambia! Nilimkuta Mwalimu Lois anasahihisha. Nikasema, shikamoo Mwalimu, nataka kuonyesha namna ya kutunza na kupamba uso wakati wa kiangazi.

Akaweka kalamu chini. "Uso, Ursula? Uso wa nani?"

"Wangu, Mwalimu."

Alinitazama. Mwenyewe mikono yake inatoka magamba tangu Septemba. Akasema haya, nieleze, usiruke kitu.

Nilimweleza hivi. Asubuhi sioshi uso kwa sabuni, maana sabuni ya magadi hukausha. Ninachovya kitambaa kwenye kikombe cha maji nakipitisha polepole. Kikombe kimoja tu. Maji yetu Mama anayatoa bondeni, anapanda nayo mlima kichwani, hakuna wa kuyamwaga ovyo. Halafu nsiro. Hicho ni kijiti cha mti. Unakisugua juu ya jiwe safi lenye maji kidogo, unatoka uji mweupe, mzuri, una harufu kama ya udongo uliolowa. Naupaka usoni mwembamba, nauacha ukauke wakati nafagia uwanja. Siku za kwenda shamba siutoi mpaka jioni, jua linakuwa la mgongo tu. Siku za shule naupangusa. Kisha mafuta ya ufuta, tone. Nayapasha moto viganjani, nayabonyeza, sisugui. Ukizidisha, vumbi linaganda na uso unakuwa barabara ya Newala. Midomoni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta yale yale. Jumapili naongeza wanja wa masizi ya nyonyo, chini ya jicho tu, unapunguza mwanga mkali.

Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alinishika shavu kwa mgongo wa mkono, akaligeuza hivi na hivi. Kisha akaniuliza nani kanifundisha.

Nikasema Bi Somoe. Ni shangazi yake Mama, Mmakua wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma mwaka ule Wareno walipochoma kijiji chao. Alikuja na kanga mbili na jiwe. Watu walimcheka, mtu anakimbia vita amebeba jiwe! Ni jiwe lake la nsiro.

Mwalimu akasema: Ijumaa ulete vitu vyote. Na jiwe.

Ijumaa, 5 Novemba 1971

Siwezi kukaa. Naandika nikiwa nimesimama, daftari liko juu ya kinu.

Nilionyesha mbele ya darasa zima. Nilimpaka Veridiana. Uji ulipomkauka usoni wote wakamzunguka kama bibi arusi. Nilipompangusa na kumtia mafuta, jamani! Aling'aa. Na akacheka bila kushika mdomo. Mvulana mmoja, Petro, akasema dirishani, kumbe Veridiana ni mzuri, tulikuwa hatujui. Akafukuzwa kwa ufagio.

Bibiana hakucheka. Yeye hupaka poda ambayo baba yake alimnunulia Masasi, kwa siri maana shuleni hairuhusiwi, na ikifika saa ya jembe inafanya mifereji usoni kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua. Leo aliipangusa kwa ncha ya gauni akidhani hatumwoni.

Halafu akaingia Mwalimu Mkuu. Kimya! Mwalimu Ambakisye ni mtu wa Tukuyu, mrefu, mkali, lakini haki yake haipindi. Akauliza, hii ni shule au mnajiandaa kwa ngoma? Mwalimu Lois akajibu kwamba ni kazi ya mikono, Mwalimu Mkuu, na haijatumia hata senti ya dukani. Akaniita. Akaniuliza kimoja kimoja kinatoka wapi. Ufuta? Shamba letu. Nta? Mzinga wa Baba. Nyonyo? Nyuma ya choo. (Wote wakacheka, hata yeye kidogo.) Nsiro?

"Mti wake uko ng'ambo, Mwalimu. Lakini Bi Somoe ameuona na huku, porini upande wa Lisekese."

"Una hakika ni mti ule ule?"

Nikamweleza alivyosema Bi Somoe siku ile aliporudi na mzigo wa vijiti, amechoka lakini anacheka: mti nao umevuka, tena haukuulizwa karatasi na mtu.

Mwalimu Mkuu akakinusa kijiti. Akasema ana wasichana wawili kwao, na vumbi la huku limewashinda. Kisha akasema: basi, meza ni ya Ursula. Huyo bibi naye aje Masasi, asimame naye.

Aje Masasi! Bi Somoe, ambaye pale kisimani wanamwita Bi Mkimbizi! Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimwambia kabla hata sijaweka madaftari chini. Alikwenda kufungua kanga zake mbili, akazitazama, akachagua ile yenye nyekundu, akaifua kwa maji ya kuogea.

Jumapili, 7 Novemba 1971

Alfajiri tulisikia mngurumo mbali. Mdogo wangu akaruka kitandani, mvua! Bi Somoe hakuinua kichwa. Akasema lala, si mvua hiyo, ni mabomu ya ng'ambo.

Baada ya misa Bibiana alinifuata njiani. Ameniita dada. Hajawahi. Akasema kule Masasi utahitaji mtu wa kupakwa, na Veridiana ana kovu kwenye paji, wageni watasemaje? Nipe kijiti nijaribu nyumbani, kesho nije nimeshang'aa. Tulipofika kwetu nikamvunjia kipande. Nilimwambia upake mwembamba, uache ukauke. Nilijiona mkubwa sana nikimfundisha, kwa kweli.

Jumatatu, 8 Novemba 1971

Bibiana hakuja shule.

Veridiana kasikia kisimani kwamba uso umemvimba. Una malengelenge. Jicho moja halifunguki.

Jumanne, 9 Novemba 1971

Mama Bibiana alifika nyumbani kwetu kabla ya jua. Hakubisha hodi. Alisimama uwanjani akapaza sauti kila nyumba isikie. Kwamba tumemharibia mtoto. Kwamba binti yake alikuwa kama embe bivu na sasa hatazamiki. Kwamba Wareno wamefukuza watu wao huko na uchawi wao, sasa wanatuletea sisi!

Mama akatoka, akasema shoga yangu, kaa, tuzungumze. Yule akasema mimi si shoga wa mtu anayefuga sumu.

Bi Somoe alikuwa ameketi mlangoni na nsiro usoni, kama kila asubuhi. Akamwuliza taratibu: "Mama Bibiana, kama hii ni sumu, mimi nimekuwa maiti tangu lini?"

Watu wawili watatu wakacheka. Afadhali wasingecheka. Mama Bibiana akamwambia arudi kwao. Kwao wapi? Alisema hivyo hivyo tu, rudi kwenu.

Bi Somoe akaingia ndani, akanawa.

Shuleni Mwalimu Mkuu aliniita. Hakufoka, ingekuwa nafuu. Alisema mtoto wa watu ameungua, mimi ndiye ninayejibu kwa wazazi, siwezi kupeleka Masasi kitu kinachounguza. Meza itakuwa ya mikeka. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikatoka. Wavulana wa la saba walikuwa wanaimba kwa kufuatisha jembe, sumu ya ng'ambo, sumu ya ng'ambo. Nililima nao mstari mmoja mpaka mwisho. Sikulia shambani.

Jumatano, 10 Novemba 1971

Leo Bi Somoe hakujipaka. Sijawahi kuuona uso wake mtupu asubuhi. Ni mdogo.

Baba akasema jioni, tuliache hili lipite, tunaishi na watu. Mama akasema yupi ataliacha lipite, wewe au aliyeambiwa arudi kwao? Baba akaendelea kula.

Mimi nimejipaka. Kijiti kile kile, nusu ya pili ya kile nilichomvunjia Bibiana. Nilipotoka shule nimekwenda nao shambani mpaka jioni. Hakuna kitu. Ngozi laini kama jana.

Basi si nsiro. Sasa ni nini?

Alhamisi, 11 Novemba 1971

Nitaandika polepole, nisikosee.

Bi Somoe alinipa chupa ya mafuta ya nazi nimpelekee Bibiana. Nikasema, bibi, baada ya yote yale? Akasema mama mtu ndiye aliyenitukana, uso wa mtoto haukusema kitu. Nikaenda. Kwa bahati Mama Bibiana alikuwa bondeni.

Bibiana alikuwa nyuma ya jiko, kajifunika kanga mpaka kichwani. Aliponiona akageuka ukutani. Nikakaa. Nikamwambia nimeleta mafuta. Baadaye akafunua kidogo. Jamani. Mashavu yametoka ngozi, na palipotoka pana weusi unaong'aa, umezungukwa na wekundu.

Niliujua weusi ule! Nani wa huku asiyeujua? Kila mwaka msimu huu vidole vyetu vinakuwa hivyo hivyo, tunapobangua korosho na mafuta ya ganda yanaturukia. Mtoto wa hapa anaonywa hilo kabla hajajua kuhesabu: ukishika ganda usijishike jicho.

Nikamwuliza, Bibiana, ulisugulia jiwe gani?

Akatazama pembeni ya mafiga. Palikuwa na lile debe lenye matundu la kuchomea korosho, na karibu yake jiwe bapa lenye shimo katikati. Jeusi tii. Jiwe la kubangulia.

"Nililiosha," akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

Mafuta ya ganda, kwa maji! Ni kuyasambaza tu. Nilitaka kumpigia kelele. Nikamwuliza kwa nini hakutumia jiwe la kusagia la mama yake. Akasema mama angejua. Mama yake alimkataza asiguse kitu chochote cha wakimbizi. Alikwenda kujificha nyuma ya jiko, jiwe lilikuwa lile tu, na maji yalikuwa ya kuiba. Alipoanza kuwashwa alidhani ndiyo uzuri unaingia! Akavumilia mpaka ukakauka.

Hapo nilicheka. Sikukusudia. Naye akacheka, kisha akaguna kwa maumivu, kisha akalia. Akanishika mkono, Ursula usiseme, mama ataniua, kwanza kwa kumdanganya, pili kwa kumwaibisha mbele ya kijiji kizima.

Nikamwambia sitasema.

Nimefika nusu ya njia ndipo nikaelewa nimesema nini. Nisiposema, Bi Somoe ndiye mwenye sumu.

Ijumaa, 12 Novemba 1971

Nimefikiri usiku, nimefikiri nikichota maji. Neno langu nimempa Bibiana. Lakini uso wangu ni wangu.

Nikaenda kwa Mwalimu Lois. Nikasema: Jumatatu nataka nipakwe nsiro na Bi Somoe mbele ya shule nzima, kwa jiwe lake. Nikae juani mpaka Mwalimu Mkuu aridhike. Nikiungua, msiniulize tena habari za meza.

Akaniuliza, ulikwenda kwa Bibiana?

Ndiyo, Mwalimu.

Uliona nini?

Nikanyamaza. Yeye ni wa Masasi, amekulia chini ya mikorosho kama sisi. Akasema, uso wake mweusi wa kung'aa? Nikatazama vidole vyangu. Akasema, haya, sijakuuliza.

Tukaenda kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Lois akamwambia, kwa namna ya kupita, kwamba huku kwetu kuna mawe ya kila kazi, na mengine yanaunguza. Mwalimu Mkuu akashangaa, jiwe linaunguzaje? Kwetu Tukuyu jiwe ni jiwe. Akasema hawezi kumhukumu mtu kwa jiwe asilolijua, wala hawezi kunisafisha kwa hilo. Lakini nikitaka kujipaka kwa hiari yangu, na wazazi wakikubali, atatazama.

Baba alikubali baada ya Mama kumtazama.

Bi Somoe ndiye aliyekataa. Akasema hasimami mbele ya watu ili wamchunguze kama mbuzi wa mnadani. Nikamwambia bibi, hawatakuchunguza wewe, watanichunguza mimi. Akasema ni yale yale. Nikasema basi nitasugua mwenyewe, nitumie jiwe lako. Akauliza, utashika kijiti kwa upande gani? Nikamwonyesha. Akasema umekosea.

Nadhani atakuja.

Jumapili, 14 Novemba 1971

Kanisani Mama Bibiana alikaa upande wa pili. Nilimsalimu, shikamoo. Alijibu marahaba, maana hakuna asiyejibu shikamoo kanisani, lakini aliitupa kama ganda.

Bibiana hakuwapo. Nimemtumia neno kwa Veridiana. Si la kumlazimisha. Nimemwambia tu nitakachofanya kesho, na kwamba sijasema wala sitasema.

Veridiana kanirudishia jibu: alisikiliza, akauliza bibi naye atakuwapo? Basi.

Mama amenisuka leo. Amenisuka mistari ya kurudi nyuma, uso wote uko wazi.

Jumatatu, 15 Novemba 1971

Naandika hapa hapa juani, mbele ya ofisi, daftari liko mapajani. Mwalimu Lois ameniruhusu, alisema bora ushike kalamu usije ukajishika uso.

Bi Somoe alikuja! Amevaa ile kanga yenye nyekundu. Alipita katikati ya mistari ya wanafunzi hakutazama kulia wala kushoto, jiwe kwapani. Akaketi kwenye mkeka, akasugua mbele ya wote. Hakuharakisha. Wale wa la saba walioimba wamesimama mstari wa mbele, walinyoosha shingo kuona. Alinipaka paji, mashavu, pua, kidevu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alipomaliza, akachovya kidole tena akajipaka mwenyewe, uso mzima, hakuna aliyemwambia. Nikaona watu wanamwona.

Imeshakauka. Inanivuta ngozi kwa mbali kama inavyovuta siku zote. Hakuna kuwashwa. Jua ni kali kweli, Mwalimu Mkuu mwenyewe amefuta jasho kwa leso mara nyingi. Amekuja kunitazama akainama, akauliza unasikia nini? Nikasema nasikia baridi, Mwalimu. Akarudi ofisini. Akatoka na kiti chake. Nilidhani ni chake cha kukalia. Akamwekea Bi Somoe, akasema, shikamoo mama, kaa hapa kivulini, mkeka una joto. Marahaba mwanangu, akajibu Bi Somoe, lakini kivulini haikauki vizuri. Akakaa juani juu ya kiti cha Mwalimu Mkuu!

Nataka kucheka lakini nsiro itapasuka.

Wazazi wamezidi kuja, wapo kwenye ua. Mama yupo. Baba yupo, kajifanya alikuwa anapita. Wanasema habari za —

Wanaachia njia. Mama Bibiana anaingia, mbio mbio, kashika mkono wa mtu aliyefunikwa kanga. Au ni huyo aliyefunikwa anayemvuta yeye? Ndiyo! Bibiana ndiye aliye mbele.

Mwalimu Mkuu amesimama. Bibiana hakwenda kwake. Amekuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti, amepiga magoti, ameteremsha kanga shule yote imwone. Wadogo wamepiga kelele. Yeye hakujifunika tena. Anasema kitu kwa sauti ndogo. Sisikii yote, nasikia "mimi mwenyewe" na nasikia "nyuma ya jiko".

Mama yake amesema, "Nini? Jiwe lipi?"

Bi Somoe hamtazami mama. Amemshika Bibiana kidevu, anamgeuzia uso kwenye mwanga, shavu hili, na hili. Ananiita bila kugeuka, Ursula, acha kuandika, lete yale mafuta ya nazi, yako mkekani